Kinywa Kilichosafirishwa kwa Lori

9 Februari

Mdogo wangu Plasta,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo na wale mapacha wenu ambao nasikia wameanza kukimbia, kila mmoja upande wake. Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu, tunafanya kazi, tunalala. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye sala, ila la kulia bado ni la msichana. Binti yangu alijifungua wa pili mwezi wa kumi. Mtoto ana sauti. Baba mkwe wa binti anasema atafaa kwenye mnada.

Kazi ya cherehani ipo, shule zimefungua na kila mzazi amegundua jana kwamba mwanawe amerefuka. Nashona sare mpaka vidole vinasahau kufunguka.

Shemeji yako hajambo. Duka lake linakwenda. Watu bado wanamwita Mzee Mizizi na bado wanamsubiri mlangoni asubuhi wanunue ule unga wake wa meno, wa mkaa, chumvi, karafuu na magome, na kile kitu cha tano ambacho hakisemi hata kwangu mimi mkewe. Kibao chake kiko palepale: ATUMIAYE UNGA HUU HATAMJUA MNG'OA MENO. Mwenyewe hana tatizo, ila siku hizi ameacha kuongea sana, na akipima unga huziba mdomo kwa leso. Anasema ni vumbi.

Sasa neno lenyewe. Nimepoteza jino moja la mbele, la juu. Ni mimi niliyelipoteza. Niliuma punje ya mahindi makavu likasalimu amri. Mtu wa makamo kama mimi hana haja ya urembo, lakini kuna harusi na misiba, na mahali pote huko watu wanakutazama mdomoni. Nataka unitengenezee moja. Najua utasema nije huko kwenye kliniki yenu nikae kwenye kile kiti. Siwezi, sare zimenibana. Lakini nilipokuja kwako mwaka juzi nilikuona ukichukua umbo la kinywa, mtu anauma kitu laini, wewe unamimina plasta, basi. Kwa hiyo nimeuma nta ya nyuki ndani ya kifuniko cha kopo na nimempa dereva wa lori la saruji akuletee pamoja na barua hii.

Usipige simu. Unajua shemeji yako masikio yamezeeka, simu ya nyumbani huiweka spika na mtaa mzima unapata salamu zako. Na tangu siku ile ya harusi ya binti yangu, mlivyoambiana yale mliyoambiana, jina lako hatujalitaja mezani. Niandikie huku kwenye chumba cha cherehani.

Dada yako,
Mwanya


27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu wa pili. Mapacha hawajambo. Jana mmoja amemuuma mwenzake na mama yao akanigeukia mimi, eti ndiyo fani yangu.

Mzigo umefika. Dereva aliuweka juu ya boksi la injini ili usipotee, na haukupotea. Nilipofungua kopo nikakuta nta imelala imetulia kama maji kwenye beseni. Hakuna jino, hakuna ufizi, hakuna kinywa. Nilimwonyesha daktari wetu, yule mama mfupi anayepanda kigoda ili afike mdomoni mwa mgonjwa. Akasema ni mdomo safi kuliko yote aliyowahi kuona.

Dada, njoo. Kiti hakiumi. Mimi kazi yangu ni kuchonga na kupachika, sioni ndani ya fizi. Jino halianguki kwa punje ya mahindi peke yake, lazima kuna kitu kilianza kabla. Daktari akuangalie kwanza, halafu mimi nikutengenezee jino ambalo hata wewe utalisahau.

Kuhusu siku ya harusi, sina kinyongo. Mimi nilisema tu kwamba unga wake ni mchanga wenye jina. Yeye ndiye aliyeniita mchonga meno ya maiti mbele ya wakwe.

Nakusalimu sana.
Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua zimeanza, paa la chumba cha cherehani linavuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo nilipoweka meza. Mungu ana namna yake ya kumwamsha mja. Nimesogeza meza.

Nimekusikia habari ya kuja. Siji. Sikiliza, nimeuma tena nta nyingine, na safari hii nimeifunga kwa vipande vya sare na kuitia ndani ya mtungi wa udongo wenye maji baridi chini yake, na dereva ameapa kuiweka miguuni. Basi usiniambie habari ya kiti tena.

Nikuchekeshe kidogo. Shemeji yako aliniona na ile nta akauliza ni ya nini. Nikamwambia nta ya nyuki ni baridi, inatuliza fizi. Sikusema uongo, iguse mwenyewe uone kama si baridi. Akaifikiria siku nzima. Sasa anawaambia wateja waume nta asubuhi na jioni. Jana nimemwona mwalimu mkuu amesimama kwenye geti la shule, mashavu yamejaa, anawaonyesha wanafunzi darasa kwa kidole.

Najua utauliza kama natumia unga. Ndugu yangu, hili naomba libaki baina yetu na Mungu. Mimi tangu zamani napiga mswaki kwa kijiti cha mti, kile alichotufundisha mama, natafuna ncha mpaka iwe brashi, na maji ya chumvi nikienda kulala. Unga wa shemeji yako nasugulia masufuria. Hakuna mwanamke mtaani mwenye masufuria kama yangu. Wakiniuliza nawaambia ni mkono.

Karafuu naitumia, hiyo inasaidia kweli. Ukiweka moja kwenye jino linalouma unapata usingizi kidogo. Na mafuta ya ufuta ya kusukutua, hayo yapo nyumbani kila asubuhi, mtu anasukutua mpaka chai inapoa. Lakini siku hizi maumivu yakija usiku karafuu hazitoshi. Ni maumivu yangu nasema.

Nitengenezee jino, Plasta. Moja tu. Mtu anaweza kuacha kucheka, nimegundua, lakini akiacha na kuongea nyumba inakuwa kubwa sana.

Dada yako


8 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa wazima. Wifi yako anakusalimu na anauliza habari za goti.

Nta imefika salama, na mtungi pia. Nilisubiri mchana watu walipokwenda kula, nikafunga mlango wa karakana, nikaizungushia ukuta wa karatasi ngumu, nikamimina plasta taratibu nikigonga meza ili mapovu yatoke. Ilipoganda nikailainisha nta kwa maji ya moto na kuivua. Kinywa kikabaki mezani kinanitazama.

Sasa niruhusu nikueleze ninachokiona, kama ninavyomweleza daktari.

Kwanza, taya ya mgonjwa ni pana. Pana sana. Sikumbuki ukiwa na taya kama hiyo, lakini watu hubadilika. Pili, kijiji kizima kinakuita Mwanya kwa sababu ya nafasi iliyopo kati ya meno yako mawili ya mbele, nafasi ambayo ulipokuwa mdogo ulikuwa unapitishia mate mpaka ng'ambo ya ua. Kwenye kinywa hiki, upande wa kulia wa lile pengo, meno yamebanana kama watu kwenye benchi la zahanati, na hata pengo lenyewe lina upana wa jino moja tu, hakuna nafasi ya mwanya iliyowahi kuwepo. Tatu, kwenye ukingo wa nta nimekuta unywele mfupi, mgumu, mweupe. Nimeutazama kwenye mwanga. Ni wa sharubu. Dada, kama umeota sharubu niambie, nitatafuta daktari mwingine.

Sitauliza zaidi ya hapo. Mgonjwa ni wewe, umesema.

Lakini yanayofuata si mzaha. Meno ya mgonjwa yamelika kwa mbele, karibu na fizi, kama kizingiti kinachokanyagwa miaka na miaka. Hayo hayakuliwa na sukari. Yamesuguliwa kwa kitu kigumu. Hicho kitu cha tano sijui ni nini, ila meno yanakijua. Kinachong'arisha sufuria kinafanya kazi hiyohiyo mdomoni, tofauti ni kwamba sufuria unaweza kununua nyingine.

Na juu ya jino la chonge, lile la upande wa pengo, kwenye ufizi, kuna uvimbe. Umejichapa vizuri kabisa kwenye nta, mviringo, kama punje ya haragwe. Nimemwonyesha daktari. Safari hii hakutania. Alishuka kwenye kigoda chake akasema hapo kuna usaha, na usaha wa jino la chonge la juu hauna adabu, unapanda kwenye shavu, unakwenda jichoni, ukipata njia unaingia kwenye damu, na watu hufa kwa hilo, watu wazima wenye nguvu zao. Karafuu hufanya ganzi kidogo, kweli, lakini mtu asiyesikia moshi hajazima moto.

Jino nimelitengeneza. Limekaa kwenye kipande chake cha waridi, ni zuri, nimelipa rangi ya umri wake ili lisionekane geni. Liko kwenye glasi ya maji dirishani mwa karakana. Silitumi. Nikilituma, mgonjwa atalivaa, atacheka, na ule uvimbe utaendelea na safari yake nyuma ya kicheko. Mwenye kinywa alifuate.

Unisamehe.
Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linaendelea vizuri, mwambie ahsante.

Huku mambo ni ya kawaida. Mjukuu ameota jino lake la kwanza. Paa limezibwa. Nimeshona sare arobaini na mwalimu mkuu amerudisha moja, eti mfuko uko upande wa kushoto. Mifuko yote iko upande wa kushoto.

Hayo mengine uliyoandika sikuyaelewa vizuri, mwandiko wako haujawahi kuwa mzuri. Nilidhani mtu akimwomba ndugu yake wa tumbo moja kitu kidogo, hupewa. Lakini hewala, glasi ni yako na dirisha ni lako.

Nimeswali, nimeomba, nimekaa kimya.

Dada yako

Kuna jambo la pembeni. Usaha ukifika karibu na jicho, na jicho likaanza kufumba lenyewe asubuhi, na mtu akawa anatetemeka kwa homa lakini anasema ni hewa ya mvua, hiyo maana yake nini? Nauliza kwa ajili ya jirani.


29 Aprili

Dada,

Nimempa barua hii dereva mkononi na nimemwambia asisimame kula.

Mwambie jirani aje leo. Siyo kesho. Kama hawezi kuja huku, aende hospitali yoyote iliyo karibu, hata ile yenye foleni. Asikandwe kwa maji ya moto, asitumbuliwe na mtu yeyote.

Mwambie vyovyote unavyoweza. Kama hasira ataipata, bora aipate akiwa hai.

Plasta


1 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea mwenyewe. Nimeifunga kwa uzi wa cherehani na nimemwambia ni salamu. Dereva amemkalisha mbele.

Nilipopata yako nilikwenda kuomba kwanza. Niliomba Mungu anipe maneno mazuri. Hakunipa. Basi nikaenda na yaliyokuwepo. Alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso ni mtu mwingine. Nikamwambia, "Baba nanihii, jino lako liko tayari."

Akasema, "Jino gani?"

"La mbele. Liko kwa Plasta, kwenye glasi."

Jicho moja lilinitazama, la pili halikuweza. "Alipima kwa kitu gani, na mimi sijamwona tangu harusi?"

"Kwa ile nta."

"Nta ya kutuliza fizi?"

"Hiyohiyo."

Nilitegemea anifukuze, wallahi nilishaanza kupanga nguo nitakazobeba. Badala yake akauliza, "Na mwalimu mkuu je? Naye kinywa chake umekipeleka?"

Nikasema, "Hapana, yule anauma bure."

Nadhani alitaka kucheka, lakini shavu lilimkataa, machozi yakamtoka. Ndipo nikapiga magoti, hata hili la kushoto, nikamwambia, mume wangu, wateja wako wote nitawaeleza safari ya biashara, kibao nitakifunika kwa kanga, dunia nzima isijue, ila nenda. Mimi kibao hakinipi joto usiku. Nikamwambia na neno la usaha na damu kama ulivyoandika, bila kupunguza.

Akasema, "Siendi kutibiwa." Nikakaa chini kabisa. Halafu akasema, "Nitakwenda kumkagua huyo mdogo wako. Mtu akichukua kinywa cha mtu bila ruhusa lazima akaguliwe."

Nikasema ndiyo, ni haki yako kabisa, mkague.

Kwa hiyo Plasta, anakuja kukagua. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya, mwache akague.

Dada yako


17 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Kwanza ondoa wasiwasi: yu mzima, anakula, yuko kwangu, amelala kwenye kitanda cha mapacha na mapacha wamelala kwetu, yaani sisi hatujalala. Niliogopa kukuandikia mapema nisije nikakupa habari nusu.

Alishuka kwenye lori amefunga kitambaa kichwani, mkononi ana mkoba. Hakunisalimu. Alipita mapokezi, akamwambia yule dada wa pale kwamba yeye ni mwenzetu katika fani na amekuja kutazama mazingira ya kazi. Dada wa mapokezi alimwona ule uso akaniita mimi, mimi nikamwita daktari, daktari akatoka na glavu zake. Nilimnong'oneza maneno mawili. Yule mama ana akili. Alimpa mkono akasema, "Karibu sana, mwenzetu. Tunaanzia wapi?"

Akasema tuanzie kwenye dawa. Daktari akamfungulia kabati. Akachukua chupa moja ndogo, akaifungua, akanusa.

"Hii ni karafuu," akasema.

"Ndiyo," daktari akasema. "Tunaitumia kila siku."

"Mnaificha kwenye chupa."

"Tunaifunika isipotee harufu."

Hilo lilimlainisha kidogo. Akatoa kijiti cha mswaki mkobani, daktari akakisifia kwa moyo, akasema anayekitumia vizuri kila siku huwa hamwoni. Akauliza mafuta ya ufuta. Akajibiwa hayadhuru, ila hayafuati usaha. Ndipo akatoa unga. Daktari akausugua kati ya vidole viwili, akausugua tena, akamuuliza kwa upole, kama mpishi anayemuuliza mpishi, cha tano ni nini. Shemeji alitazama mlango. Halafu akamwinamia sikioni, lakini unajua masikio yake, mnong'ono wake tuliusikia hadi karakana: mchanga wa mto, uliochekechwa mara tatu.

Mimi nilikuwa natazama ukutani. Kuna ratiba ya usafi pale. Niliisoma yote.

Baadaye daktari akasema, "Mkaguzi mzuri hukaa kwenye kiti, ajue mgonjwa anasikiaje." Akakaa. "Na kichwa hulaza hapa." Akalaza. "Na mdomo hufungua." Akaufungua, daktari akapanda kigoda.

Jino la chonge halikuokoka, lilikuwa linacheza. Walitoa usaha kwanza na kumpa dawa ya kumeza na ya sindano, siku zilizofuata homa ikashuka na jicho likafunguka, ndipo wakaling'oa. Kabla hajaimeza ile dawa aliuliza inatokana na mti gani. Daktari akamwambia asili yake ya kwanza ni ukungu, kama ule wa kwenye mkate. Akasema, "Kwa hiyo ni tiba ya asili." Daktari akasema, "Ukipenda." Akameza.

Daktari aliniambia mimi pembeni kwamba angechelewa wiki nyingine, tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Hilo sikumwambia. Wewe nakuambia, kwa sababu ni wewe uliyemtoa kitandani.

Alipong'olewa alisema hakusikia chochote. Nilikuwa nimemshika mkono, vidole vyangu bado vimevimba, sasa hivi naandika kwa tabu.

Nimeongeza jino la pili kwenye kile kipande. Nilipomvalisha nilimpa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akageuza kushoto, akageuza kulia. Akasema, "Umelipa rangi ya uzee." Nikasema, "Ni umri wako, shemeji." Akasema, "La pili lifanye jeupe kidogo, na hili pia." Basi nimeyafanya meupe, kinyume na kanuni zangu. Anarudi Jumatatu. Kati yetu hatujaongea habari ya harusi. Ila leo asubuhi amempa mmoja wa mapacha kijiti, akamkalisha, anamfundisha kupiga mswaki, na mimi nikakaa upande wa pili na mswaki wa dukani na pacha mwingine. Tumesukutua wanne, kimya.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu Plasta,

Salamu zangu ziwafikie wote humo ndani, na hasa huyo daktari, Mungu amrefushie umri na kigoda chake. Samahani kwa kuchelewa kuandika. Sikuwa nimekosa nafasi, nilikuwa na jambo moyoni na sikujua litaishia wapi ndipo nikuambie.

Mjukuu sasa ana meno manne. Mahindi yamekomaa. Shemeji yako alirudi ameshuka kwenye lori anacheka, mtaa mzima ulimwona. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikalia kwa kushukuru, kisha nikatoka nikamuuliza kama atakula.

Sasa jambo lenyewe. Yale meno uliyoyafanya meupe, ndugu yangu, yaliuza unga. Watu walikuwa wanasimama dukani wanamtazama mdomoni. "Mzee Mizizi, umekuwa kijana!" Yeye anacheka tu. Mwalimu mkuu alinunua wa miezi sita. Mama mmoja alitoka mtaa wa mbali akasema nipe ule ule unaotumia wewe. Akapimiwa. Ule ule, wa mchanga. Na mimi nimekaa kwenye cherehani yangu upande wa pili wa ukuta nasikia mizani inagonga, na kila ikigonga nakumbuka kizingiti ulichoniandikia. Yeye tuliyeomba apone amepona, sasa anawauzia wengine njia ile ile. Nilisema nitamwambia jioni. Jioni ikifika ameketi anaongea na kucheka kama zamani, nyumba imerudi kuwa ndogo, nikawa sina ujasiri wa kuizima taa hiyo. Nikaomba. Nikasema, Mungu wangu, safari hii nipe maneno.

Leo asubuhi akaja kinyozi wa mtaa wa pili. Unavyowajua vinyozi, lakini huyu aliingia bila neno. Amefunga taya kwa taulo la kunyolea, shavu limejaa, jicho jekundu. Nilimwona kupitia mlango. Akamwonyesha shemeji yako meno yake yeye shemeji, kwa kidole, akasema kwa shida, "Nipe hiyo iliyokufanya hivyo."

Nikaacha kushona.

Shemeji yako akachukua kijiko, akatia unga kwenye mizani. Akatia tena. Halafu kijiko kikasimama. Akamtazama yule mtu shavuni, akamtazama jichoni, muda mrefu, mpaka mteja wa nyuma akakohoa. Duka lilikuwa na watu, Plasta, siyo kwamba lilikuwa tupu. Akaweka kijiko. Akaingiza kidole mdomoni, akatoa kile kipande chako cha waridi na meno yake mawili, akakiweka juu ya mizani, juu ya unga.

Akasema, "Haya ni ya shemeji yangu."

Pengo lilimfanya ateme kidogo, lakini kila mtu alisikia. Mwalimu mkuu alikuwepo, akameza nta.

Kinyozi akasema, "Sasa na unga?"

Akasema, "Unga huu siuuzi tena. Nina mchanga ndani, nitautoa. Wewe hata mchanga ukitolewa unga haukufai, una usaha, nilikuwa nao mimi. Ungeniua." Akafuta meno kwa leso, akayarudisha, akavua aproni yake. "Leo una safari. Mke wangu atakuandikia barua."

Wateja waliondoka kimya kimya, kila mtu na pesa yake mkononi. Duka likabaki tupu mpaka adhuhuri. Alikaa barazani anachekecha unga wa jana, mara ya nne. Niliketi karibu naye na sare zangu. Sikumsifu, kwa sababu ukimsifu anaudhika. Nilimtilia chai.

Basi hii ndiyo barua aliyoniagiza. Anayeileta ni huyo kinyozi. Utamtambua kwa taulo. Huongea sana akiwa mzima, msishangae akianza kabla hamjamaliza. Shemeji yako anasema niandike kwamba huyu ni mteja wake, asicheleweshwe kwenye foleni.

Nikamuuliza, "Hilo tu?"

Akachekecha kidogo. Akasema, "Waambie ganzi iwe nyingi."

Nawakabidhi kwa Mungu nyote, na huyu naye.

Dada yako,
Mwanya